Usilaumu prosesa, angalia umeme unaoilisha

Saa nane usiku, Kesses, katikati ya Julai. Kama hujawahi kuishi huku, nikuarifu tu kwamba baridi ya hapa haibishi hodi, inaingia. Nilikuwa nimejifunga blanketi mabegani kama mzee wa baraza, chai imepoa mezani, macho kwenye skrini. Ule mstari wa kurenda video ulikuwa unatambaa kama konokono mgonjwa.

Ilikuwa video ya harusi iliyofanyika Burnt Forest. Nilikuwa nimelipwa nusu, na hiyo nusu nilishaila kitambo: kodi ya bedsitter, gesi, deni la dukani. Nusu ya pili ingekuja Ijumaa asubuhi nikikabidhi kazi. Kompyuta ilikuwa imeniambia dakika 40. Masaa matatu baadaye tulikuwa asilimia 31.

Kilichonichanganya ni hiki: prosesa haikuwa moto. Nyuzi 66. Hiyo ni joto la kawaida kabisa kwa mashine inayofanya kazi. Lakini nilipoangalia kasi nikakuta gigahezi 0.55. Prosesa ambayo mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na kiburi changu, nilikuwa nimeisukuma hadi gigahezi 4.0 ilikuwa inatembea kama simu ya mwaka 2008.

Kama una kompyuta ya gemu au ya kazi, na umewahi kushawishika kuiovakloki ili upate kasi ya bure, kaa hapa kidogo. Hii kasi si ya bure. Na bili yake hailetwi kwa prosesa, inaletwa kwa madabodi.

Kwanza unijue

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipotushinda nyumbani, na nikabaki huku Kesses kwa sababu wateja wako huku. Moi University ipo hapa tangu 1984, na palipo na wanafunzi kuna harusi za marafiki, kuna vikundi vya densi, kuna mtu anayetaka video ya kampeni ya uongozi wa wanafunzi ikamilike kesho asubuhi. Ndiyo kazi yangu. Mamangu bado huuliza nitarudi chuo lini. Mimi humwonyesha ile kompyuta iliyo kwenye kona, kwamba mama, hii ndiyo inanilisha kwa sasa.

Kwa hivyo elewa vizuri. Hii mashine ikifa, si gemu limekatika. Ni kodi imekatika.

Nilikuwa nimeiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, mitumba. Prosesa ilikuwa Ryzen 7 2700 ya AMD, toleo la 2018, viini vinane. Ni kitu kizuri mpaka leo kwa kazi ya video. Pesa nyingi iliishia hapo na kwa kadi ya picha. Ilipofika zamu ya madabodi nilikuwa nimebaki na vumbi mfukoni, nikachukua ya bei ya chini kabisa niliyoipata, Sh6,500. Jina lake naliacha. Iliwaka, ikafungua Windows, nikasema asante Mungu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nina hakika nusu yenu mnaosoma hii mmekosea hapo hapo.

Safari ya umeme kutoka Turkwel hadi mezani kwako

Ili uelewe madabodi inafanya nini, anza mbali. Bwawa la Turkwel liko West Pokot, linazalisha megawati 106. Umeme wake unasafirishwa kwa volti 220,000 hadi kituo cha Lessos, hapo Nandi, si mbali na sisi. Hapo unashushwa. Unaendelea kushushwa hadi volti 33,000 au 11,000 kwenye zile nyaya za barabarani, kisha transfoma ya kwenye nguzo inaushusha hadi 240. Huo ndio unaingia kwa plot yenu.

Watu wengi hudhani safari inaishia kwenye soketi. La. Pawa saplai ya kompyuta inaushusha tena, kutoka 240 hadi 12. Na prosesa bado haiwezi kunywa volti 12, itakufa papo hapo. Inataka volti 1 na kitu. Anayeshusha kutoka 12 hadi hapo ni mtambo mdogo uliokaa kwenye madabodi, kando ya prosesa. Unaitwa VRM. Hiyo ndiyo Lessos ya kompyuta yako.

Sasa sikiza hii hesabu, kwa sababu ndiyo siri yote. Volti zikishuka, ampea lazima zipande ili nguvu ibaki ile ile. Prosesa inayokula wati 150 ingehitaji ampea 0.6 tu kama ingekuwa inalishwa kwa volti 240. Kwa volti 12, ampea 12.5. Lakini kwa volti 1.35, ni ampea 111.

Ampea 111! Plagi yako ya ukutani, ile ya miguu mitatu, ina fyuzi ya ampea 13. Yaani ndani ya ule ubao, kwenye eneo dogo kuliko kiganja chako, panapita mkondo mara nane na zaidi ya kiwango cha fyuzi ya plagi. Na sisi tunanunua ubao huo kwa pesa iliyobaki.

Wawekaji kasi wa Kipchoge

VRM haibebi mzigo huo kwa njia moja. Inaugawa kwa njia kadhaa zinazoitwa fezi. Usichanganye na zile fezi tatu za umeme wa posho mill, hizi ni kitu kingine. Kila fezi ina vitu vitatu: mosfeti, ambazo ni swichi ndogo zinazofunguka na kufungika mara laki kadhaa kwa sekunde, koili, kale kasanduku keusi au ka kijivu kenye umbo la mraba, na kapasita zinazotuliza mawimbi ili prosesa ipate umeme laini.

Fezi hazifanyi kazi kwa pamoja. Zinapokezana. Sisi watu wa Uasin Gishu tunaelewa hii bila kuchorewa. Kumbuka Vienna, 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge akimaliza marathoni kwa 1:59:40. Alikuwa na wawekaji kasi 41, wakiingia na kutoka kwa zamu, kikundi hiki kikichoka kinakuja kingine. Hakuna mmoja wao aliyebeba kasi ile kilomita zote 42. Sasa mwondolee wale 41, umwachie wanne, na uwaambie wakimbie mpaka mwisho bila kupumzika. Hao wanne wataanguka njiani, hata kama Kipchoge mwenyewe ana nguvu.

Madabodi yangu ilikuwa na fezi nne za kulisha viini. Bila chuma cha kupoza hata kimoja juu yake. Mosfeti ziko uchi kama siku ya kuzaliwa.

Nilichofanya, na hesabu ambayo sikupiga

Prosesa yangu kwa kawaida, ikifanyishwa kazi viini vyote, ilikuwa inakaa karibu gigahezi 3.4 kwa takriban volti 1.1. AMD wenyewe wanaiita ya wati 65, ingawa ikiachiwa kwa mpangilio wa kiwandani inaruhusiwa kufika wati 88. Mimi nikaingia BIOS, nikaweka 4.0 kwa volti 1.35. Ikawaka. Nikacheka peke yangu kwa nyumba.

Hesabu ni hivi. Umeme unaoliwa unapanda sawasawa na kasi, lakini kwa volti unapanda kwa kipeo cha pili: volti mara volti. Kasi kutoka 3.4 hadi 4.0 ni nyongeza ya asilimia 18. Volti kutoka 1.1 hadi 1.35, ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe, ni nyongeza ya asilimia 50. Zidisha pamoja: umeme umepanda kwa asilimia 77. Yaani nilitoka wati 85 hivi hadi 150, kwa sababu ya kasi ya asilimia 18.

Haijaisha. Kila fezi yangu ilitoka kubeba ampea 19 hadi 28. Unaona ni kidogo? Joto linalotokana na mkondo kupita kwenye mosfeti nalo linapanda kwa kipeo cha pili. Mkondo ukipanda mara 1.44, joto hilo linakuwa mara mbili.

Na hakuna VRM inayoshusha volti bila kupoteza kitu. Ya bei rahisi ikizidiwa inaweza kupoteza asilimia 15 ya umeme kama joto. Kwangu hiyo ni zaidi ya wati 20. Chuma cha moto cha fundi wa redio, kile kinachoyeyusha risasi, kingine ni wati 30 tu. Sasa fikiria kuweka karibu kimoja kizima juu ya madabodi yako, ukiwashe, uende kulala.

Ndiyo maana prosesa ilikuwa nyuzi 66 na mashine bado inatambaa. Kipimajoto nilichokuwa naangalia ni cha prosesa. VRM ilikuwa inaungua kando yake, na madabodi, kujiokoa, ikaamuru prosesa ipunguze kasi hadi 0.55. Ikipoa kidogo inapanda, ikipata moto inashuka. Usiku kucha.

Dawa iliyoongeza ugonjwa

Sasa mimi, bingwa, nikafanya uchunguzi wangu. Nikasema shida ni feni. Asubuhi ya Jumatano nikapanda matatu hadi Eldoret, nikakopa Sh3,000 kwa beshte, nikanunua kipozaji kirefu cha mnara, kile chenye feni inayopuliza kwa ubavu. Nikang'oa ile feni iliyokuja na prosesa.

Joto la prosesa likashuka hadi nyuzi 58. Safi! Lakini kurenda kukawa polepole kuliko mwanzo.

Unajua kwa nini? Feni ya AMD ya kiwandani hupuliza kwenda chini, kwa ubao. Upepo wake ukigonga unasambaa na kupoza mosfeti zilizo kando. Ile ya mnara haipulizi ubao, inapuliza nyuma. Ile ya maji ndiyo mbaya zaidi, haina upepo wowote hapo. Nilikuwa nimelipa Sh3,000 kuinyima VRM upepo wa pekee iliyokuwa nao.

Na baridi ya Kesses? Nilidhani ingenisaidia. Inasaidia, ndiyo, lakini si kama unavyodhani. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni ile ile, ikizunguka kasi ile ile, inasukuma hewa kidogo zaidi ya kubeba joto. Ile hewa inayowapa wakimbiaji wetu mapafu ndiyo inayozipunguzia feni zetu nguvu.

Alhamisi jioni, nimechoka, nimekasirika, nikafanya kosa la mwisho. Nikaongeza volti hadi 1.4, nikidhani prosesa inashuka kasi kwa sababu ina njaa. Saa tano usiku nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti. Skrini ikawa nyeusi. Kisha harufu. Ukishainusa hutaisahau: plastiki, na kitu kama samaki aliyeungua.

Ijumaa saa mbili asubuhi simu ikalia. Kakake bibi harusi.

"Brathe, video iko wapi? Wazazi wamesharudi kutoka ushago kuiona."

"Mashine imekufa, boss. Nipe siku moja."

Kimya. Halafu, kwa sauti ya upole ambayo iliniuma kuliko matusi: "Sawa. Lakini ungetuambia jana."

Mzee na bisibisi

Nilibeba ule ubao kwa mfuko wa unga hadi kwa fundi mmoja mjini Eldoret, mzee wa miwani anayefanya kazi kwenye kibanda cha mita moja. Aliugeuza mara mbili akautazama.

"Kijana, ulikuwa unaifanyisha nini?"

"Niliipandisha hadi 4.0, mzee. Kwa 1.4."

"Sikuulizi kasi. Nakuuliza hapa." Akaweka ncha ya bisibisi kwenye doa jeusi, mahali mosfeti ilikuwa imepasuka. "Hawa wanne ndio walikuwa wanabeba. Uliwahi kuwaangalia hata siku moja?"

Nikanyamaza.

"Una bahati," akasema. "Hii ya juu ikishika, ile 12 inaingia moja kwa moja kwa prosesa. Pawa saplai yako imezima mapema. Enda ujaribu prosesa kwa ubao mwingine, nadhani iko salama."

Ilikuwa salama. Madabodi ndiyo ilibaki kwake, akaichukua ya spea.

Na video? SSD haikuwa na tatizo. Nilienda nayo kwa jirani wa plot, mwanafunzi, mwenye laptopu kuukuu ya ofisi, zile zinazoletwa kutoka ng'ambo. Viini viwili. Niliiweka juu ya meza, nikaiwashia feni ya chumba, ikarenda kwa masaa tisa bila kulalamika. Jumamosi mchana nilikabidhi kazi, nikapunguza Sh2,000 kwa ajili ya kuchelewa. Laptopu ambayo nilikuwa nikiicheka ndiyo iliyonifikisha.

Si sisi wa mitumba tu

Usidhani ni ujinga wa Kesses. Mwaka 2017 Intel ilipoleta jukwaa la X299, Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana kama der8auer, alitoa video ya kulalamika kwamba vyuma vya kupoza VRM kwenye madabodi kadhaa za bei kubwa vilikuwa vya kupamba kuliko kupoza, na ukiovakloki zinachemka. Zile zilikuwa mbao za pesa nyingi.

Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua zikiwa kwenye madabodi, na AMD ikalazimika kuweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu ya prosesa inayoitwa SoC, kupitia toleo jipya la BIOS. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel: prosesa za kizazi cha 13 na 14 zikaanza kuyumba, na moja ya sababu zilizotajwa na Intel yenyewe ni madabodi kuachiwa kulisha umeme kupita kiwango kilichopendekezwa. Agosti mwaka huo ikatoa marekebisho, ikaongeza na miaka miwili ya dhamana.

Unaona? Mara tatu kwa miaka saba, na mara zote swali ni lile la mzee wa bisibisi: hapa, umeangalia hapa?

Kabla hujagusa BIOS

Haya, tuingie kazini. Kama unataka kuovakloki, pitia haya kwa mpangilio huu.

*Ruhusa.* Kwa AMD za soketi ya AM4, madabodi za B350, B450, B550 na zile za X zinaruhusu kuovakloki prosesa. A320 na A520 haziruhusu. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni na kwa kawaida madabodi ya Z. Kama yako ni kompyuta ya ofisi ya mitumba, zile za HP na Dell tunazozipenda, karibu hakika BIOS yake imefungwa. Usihangaike, weka RAM na SSD, utaona tofauti kubwa kuliko ya kuovakloki.

*Macho.* Fungua ubavu wa kompyuta. Kando ya prosesa, upande wa kushoto na juu, utaona safu ya koili. Je, kuna chuma kizito juu ya mosfeti, chenye mapezi ya kupitisha hewa? Au ni plastiki yenye rangi? Au hakuna kitu? Kama hakuna kitu, acha ilivyo. Usihesabu koili tu ukaamini tangazo la fezi nane, kwa sababu kuna watengenezaji wanaoweka koili mbili kwa fezi moja. Tafuta jina kamili la ubao wako mtandaoni, usome waliopima VRM yake.

*Mdomo wa umeme.* Angalia ile plagi ya juu kushoto inayolisha prosesa. Ya pini nne ina nyaya mbili tu za volti 12, ya pini nane ina nne. Wati 150 kwa prosesa, ukiongeza zinazopotea, ni karibu ampea 15 zinazopita hapo. Na pawa saplai ya bei ya kutupa ni mlango mwingine wa msiba.

*Upepo.* Ukiweka kipozaji cha mnara au cha maji, tafuta feni ndogo iilenge VRM. Hata ikifungwa na zip tai. Usione aibu.

*Kipimo.* Weka HWiNFO, na kama ubao wako una kipimajoto cha VRM utakiona. Mosfeti nyingi zinavumilia zaidi ya nyuzi 120, lakini kapasita zilizo kando yake mara nyingi zimeandikwa 105, na kila ukizipunguzia nyuzi 10, maisha yake huwa karibu mara mbili. Mimi sivuki 90. Kisha tesa mashine kwa Prime95 au Cinebench nusu saa nzima, si dakika mbili, na uangalie kasi, si joto pekee. Kasi ikishuka huku prosesa ikiwa baridi, umeshajua nani analia.

*Shawa ya jirani.* Ndani ya BIOS kuna mpangilio unaoitwa LLC. Uuelewe hivi: jirani akiwasha instant shower, taa yako inafifia. Prosesa ikianza kazi nzito, volti nayo inashuka kidogo vile vile. LLC inazuia kushuka huko. Lakini ukiiweka juu kabisa, jirani akizima shawa taa inawaka ghafla kupita kiasi, na hiyo ndiyo inaumiza prosesa. Iache katikati.

*Kidogo kidogo.* Panda kwa gigahezi 0.1. Tafuta volti ndogo zaidi inayokutosha, usiweke kubwa ukatulia.

Na usisahau tokeni. Ule mchezo wangu wa 4.0, nikiuendesha masaa sita kila siku, ungekula karibu yuniti 15 zaidi kwa mwezi ukijumlisha na umeme unaopotea njiani. Zidisha na bei unayolipa, halafu uniambie kama bado ni kasi ya bure.

Niko wapi sasa

Ilinichukua miezi miwili na harusi tatu kununua madabodi nyingine. Mitumba pia, lakini safari hii nilianza na hiyo. Ina fezi sita za viini zilizovaa chuma cha maana. Ile Ryzen ni ile ile. Nimeiweka 3.8 kwa volti 1.2. Piga hesabu yako: kasi asilimia 12 zaidi, umeme asilimia 33 zaidi. Kazi iliyokuwa dakika 43 sasa ni 38 hivi. VRM haijawahi kufika nyuzi 80, na nimerudisha ile feni ya kiwandani, ile inayopuliza chini. Kile kipozaji cha mnara nilikiuza nikalipa beshte wangu.

Dakika tano. Ukiniambia hizo ni chache, sitabishana na wewe. Lakini ni dakika tano ninazozipata kila siku, na bado niko na mashine.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujafungua gemu, zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, uwashe tochi ya simu. Tafuta ile safu ya koili kando ya prosesa. Ziko ngapi, na zimevaa nini?